Maswali ya Wasomaji: Orientiringi ya Baiskeli za Mlimani

Katika toleo hili tunajibu barua kutoka Nakuru, Kisumu na magharibi ya Kenya kuhusu orientiringi ya baiskeli za mlimani, yaani mashindano ambamo mwendeshaji hukabidhiwa ramani yenye alama za vituo, kisha akajichagulia mwenyewe njia za kumfikisha katika kila kituo hadi mwisho.

Ninasimamia chama cha waendesha baiskeli katika shule ya upili huku Njoro, na ningependa tuandae mashindano madogo kwa ajili ya wanafunzi na vijana wa kijijini. Nimeambiwa kwamba bila mitambo ya kielektroniki hatuwezi. Tuanzie wapi? — Mwalimu, Njoro

Mwalimu, anzeni na ramani, wala msihangaikie kitu kingine chochote kabla haijakamilika. Mitambo ya kielektroniki hutumiwa katika mashindano makubwa kwa sababu hurekodi papo hapo saa ambayo kila mshindani alipita kituoni, lakini si sharti la kucheza. Shirikisho la Kimataifa la Orientiringi liliasisiwa mwaka 1961, na wakati huo kila mshindani alibeba kadi ya karatasi. Bendera ya kituo inaweza kushonwa na fundi cherehani yeyote wa sokoni: ina pande tatu, kila upande ni mraba wa sentimita 30 uliogawanywa kwa mshazari, nusu nyeupe na nusu rangi ya machungwa. Fungeni kwenye kila bendera krayoni ya rangi yake, na mshindani aipake katika kadi yake kama ushahidi kwamba alifika. Namba za vituo zianzie 31, ili mtu asichanganye namba ya kituo na nafasi yake katika mfuatano.

Ramani yenyewe ndiyo kazi. Ramani za serikali za skeli ya 1:50,000 husaidia kulifahamu eneo, ila humo sentimita moja ni mita 500, na vijia ambavyo mchezo huu unavitegemea havionekani kwa undani unaohitajika. Tumieni skeli ya 1:15,000 au 1:10,000. Kwa skeli ya 1:15,000, karatasi moja ya A4 hubeba eneo la takriban kilomita 3.1 kwa 4.4, ambalo linawatosha wanaoanza. Barabara na mito mnaweza kuichukua kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na kuiingiza katika programu ya OpenOrienteering Mapper, ambayo ni ya bure na hufanya kazi katika kompyuta na katika simu za Android. Baada ya hapo mpande baiskeli mpite kila njia, kila kijia na kila uchochoro wa kati ya mashamba, kwa maana picha ya setilaiti haiwezi kuwaambia kama lango la shamba hufungwa au kama daraja la magogo lilisombwa na maji.

Jambo linaloitofautisha ramani hii na ile ya wanaokimbia kwa miguu ni kwamba kila njia hupewa daraja kulingana na jinsi inavyoendesheka. Njia ambayo mwendeshaji hupata asilimia 75 hadi 100 ya kasi yake ya kawaida huchorwa kwa mstari usiokatika. Ya asilimia 50 hadi 75 huchorwa kwa vipande virefu. Ya asilimia 25 hadi 50 kwa vipande vifupi. Na ile ambayo karibu yote utaisukuma baiskeli huchorwa kwa nukta. Unene wa mstari nao huonyesha upana wa njia. Hapa ndipo ninapowaomba muwe wakali na nafsi zenu. Mchoraji mwenye mapafu na miguu iliyozoea mazoezi mengi huiona njia ya mawe kuwa rahisi, na aliyeipita Februari udongo ukiwa mkavu haijui tena ifikapo Aprili. Njia ikipewa daraja lisilo lake, mshindani aliyetafakari vizuri huadhibiwa, na aliyebahatisha hutuzwa. Mashindano hayo yameharibika hata kama bendera zote zilikuwa mahali pake. Wapeni waendeshaji wawili au watatu wa uwezo tofauti wapite njia zilezile, kisha mlinganishe maoni yao, na mrudie kazi hiyo katika wiki inayotangulia mashindano.

Nina baiskeli ya kawaida isiyo na gia, ile ya kubebea mizigo. Je, nitaruhusiwa kushiriki, au nitakuwa nimejisumbua bure? — Fundi, Kondele, Kisumu

Ndugu Fundi, katika mashindano ya mtaa utaruhusiwa, mradi breki zote mbili zinashika na umevaa kofia ngumu ya baiskeli, ambayo hakuna mwandaaji anayejali uhai wa watu atakayekubali uikose. Baiskeli yako ni nzito, kwa hiyo mlimani utaisukuma. Sheria inakuruhusu kuiendesha, kuisukuma au kuibeba, lakini haikuruhusu kuiacha mahali ukakimbilia kituo kwa miguu. Badilisha matairi laini uweke yenye meno, beba tyubu ya akiba na pampu, na maji yasiyopungua lita moja.

Kifaa ambacho huenda huna ni kishikilia ramani. Huu ni ubao mdogo unaofungwa juu ya usukani na kuzunguka, ili ramani ielekee upande uliouelekea wewe bila kuondoa mkono kwenye breki. Wewe ni fundi, na kipande cha plastiki ngumu, boliti moja katikati na mpira wa kubana karatasi vinatosha. Mazoea ya kuizungusha ramani kila unapokata kona yatakufaa kuliko gia ishirini na moja, kwa sababu wageni wengi wa mchezo hupotea si kwa kutojua kusoma ramani, bali kwa kuisoma ikiwa imeelekea upande mwingine. Kabla ya kuondoka kituo kimoja, uwe umekwisha kuamua njia ya kwenda kingine: tazama daraja la njia, hesabu mistari ya kontua, yaani ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi, utakayoivuka, kisha uchague. Kwa mtu asiye na gia, njia ya kilomita mbili inayozunguka kilima mara nyingi huwa ya haraka kuliko ya kilomita moja inayokipanda.

Chama chetu kinafikiria kutumia Msitu wa Kakamega. Tunahitaji vibali gani, na ni miezi gani inayofaa? — Katibu wa chama cha baiskeli, Shinyalu

Katibu, Msitu wa Kakamega una wasimamizi zaidi ya mmoja, na ni vyema mlijue hilo kabla ya kuandika barua. Upande wa Isecheno uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, ilhali upande wa kaskazini wa Buyangu ni hifadhi iliyo chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na huko kuna ada za kuingia. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inavitambua pia vyama vya jamii vya misitu. Nendeni kwa chama cha eneo lenu mapema, kwa sababu wanachama wake wanajua njia ipi imefungwa ili miche ikue na ipi hutumiwa na akina mama wanaotafuta kuni. Kwa mashamba ya watu binafsi, kibali ni cha mwenye shamba mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Polisi na chifu waarifiwe kwa maandishi, na serikali ya kaunti iulizwe kuhusu mikusanyiko ya umma.

Msitu huu ni mabaki ya msitu wa mvua, na haustahili kufanywa uwanja wa kupasua vijia vipya. Kanuni ya kawaida ya mchezo inawasaidia hapa: mwendeshaji hubaki katika njia zilizochorwa, isipokuwa ramani imeonyesha waziwazi kwamba anaweza kuziacha. Wekeni bendera zote kando ya njia, mahali zinapoonekana, ili pasiwe na kishawishi cha kuingia vichakani. Wanaoamini kwamba kituo kizuri ni kile kilichofichwa wanakosea. Ugumu unaofaa ni wa kuchagua njia.

Kuhusu miezi, Januari na Februari ndiyo salama zaidi. Huko kwenu mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na ngurumo za radi hupiga sana wakati wa alasiri, kwa hiyo mwanzo uwe saa mbili asubuhi na mshindani wa mwisho awe amerudi kabla ya saa saba mchana. Wanaopanga kando ya ziwa wana mambo mengine ya kuzingatia: udongo mweusi wa Uwanda wa Kano ukilowa hushikana na matairi hadi gurudumu likagoma kuzunguka, na vituo visiwekwe ukingoni mwa mafunjo ya Dunga, ambako viboko hutoka majini kwenda malishoni giza linapoingia.

Binti yangu ana miaka kumi na mitatu na anataka kushiriki mashindano ya vijana karibu na Menengai. Nitajuaje kwamba waandaaji watamtunza? — Mama, Milimani, Nakuru

Mama, waulize maswali matatu. Swali la kwanza: mnawahesabuje watu? Jibu sahihi ni kwamba kuna orodha ya walioondoka na orodha ya waliorudi, na kwamba kila mshindani, hata aliyekata tamaa baada ya kituo cha pili, lazima aripoti mezani kabla ya kwenda nyumbani. Mwandaaji anayesema kwamba wataangalia matokeo tu hajajiandaa, kwa sababu aliyepotea na aliyekwenda nyumbani kimyakimya huonekana sawasawa katika karatasi ya matokeo, na watu watatumwa kumtafuta mtoto aliye kitandani kwake huku mwingine akiachwa ameanguka bondeni.

Swali la pili: saa ya mwisho ni saa ngapi, na nini hufanyika ikifika? Kila mshindani anapaswa kuijua saa hiyo kabla ya kuanza, na waandaaji wawe wameteua watu wa kwenda kutafuta, pikipiki ya kutumia, na hospitali watakayokimbilia. Wawepo wenye ujuzi wa huduma ya kwanza, na filimbi iwe mfukoni mwa kila mtoto.

Swali la tatu linahusu eneo lenyewe. Volkano ya Menengai ina kilele cha mita 2,278 na kuta za ndani zenye miteremko mikali sana. Ndani ya shimo lake kuna visima vya mvuke na barabara zinazopitwa na magari makubwa. Njia ya watoto haina sababu ya kuukaribia ukingo wala barabara hizo, wala ya kuvuka barabara kuu. Omba kuiona ramani ya mwaka uliopita kama ipo. Kwa umri wake, njia ya kilomita tano hadi saba inatosha, naye aendeshe na mwenzake. Iwapo watachukua jina, umri na namba yako ya simu, una haki kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kujua taarifa hizo zitatumiwaje, na picha ya mtoto wako isisambazwe bila idhini yako.

Mimi hubeba abiria kwa baiskeli na ninavijua vijia vyote vya huku kwetu. Je, ni haki nishindane na wageni? — Mwendeshaji, Busia

Ndugu yangu, ni haki, na uje. Katika mashindano ya kimataifa, ambayo ubingwa wake wa dunia wa kwanza ulifanyika Fontainebleau, Ufaransa, mwaka 2002, eneo la mashindano hufungwa mapema ili washindani wasilizoee. Katika kijiji wanamoishi watu haliwezekani jambo hilo, wala halifai. Kazi ya kusawazisha ni ya mpangaji wa vituo: kati ya kituo na kituo aache njia mbili au tatu zinazokaribiana kwa muda, ili anayezijua zote bado alazimike kuamua. Anaweza pia kutumia mtindo wa alama, ambapo washindani wote huondoka pamoja, hupewa dakika 90, na hukusanya vituo kwa mpangilio wowote wanaoutaka, kila kituo kikiwa na alama zake na kila dakika ya kuchelewa ikipunguza alama. Huko, kujua vijia bila kujua kupanga muda hakumfikishi mtu mbali. Ujuzi wako utafaa zaidi ya ushindani: waandaaji wenye busara watakuomba uwaonyeshe ni wapi maji hujaa baada ya mvua.

Mwaka jana bendera mbili ziling'olewa katikati ya mashindano yetu. Mnatushauri nini? — Waandaaji, Subukia

Wekeni bendera asubuhi ya siku yenyewe, si jioni ya kuamkia, na siku mbili kabla mpite mkizungumza na wachungaji, watoto na wenye vibanda vya njiani, mkiwaeleza kitambaa hicho ni cha nini na kitaondolewa saa ngapi. Mahali penye wapita njia wengi, mweke kijana wa eneo hilo akae na bendera, naye alipwe kama wasaidizi wengine. Katika kila kituo mwache pia alama ya pili isiyovutia macho, kwa mfano kipande kidogo cha karatasi chenye namba ya kituo kilichobanwa chini ya mti au nguzo ileile, ili mshindani anayekuta bendera haipo ajue kwamba hajapotea. Likitokea tena, mshindani anayeweza kuinukuu namba hiyo ahesabiwe kwamba amefika. Lakini kama baadhi yao walipoteza dakika nyingi wakitafuta na wengine walipita kabla bendera haijang'olewa, futeni matokeo ya njia hiyo, mtangaze hivyo mbele ya wote siku hiyohiyo, na zawadi mziweke hadi mashindano yatakayofuata.