Kabla hujalipia Tintin wa kauri, mgeuze kichwa chini

Msomaji aliye Brussels ametuma picha za kikombe cha Tintin, yule shujaa wa vibonzo vya Kibelgiji, kutoka Place du Jeu de Balle, soko la vitu vikuukuu ambalo Hergé, mchoraji wake, alilichora katika hadithi ya Licorne. Muuzaji anaapa ni cha miaka ya 1950 na kina saini ya Hergé kwa mkono wake. Msomaji anauliza, achukue?

Kitakoni pameandikwa "Hergé/Moulinsart". Kampuni ya jina hilo ilikuja baada ya Hergé kufariki tarehe 3 Machi 1983. Siku hizi inaitwa Tintinimaginatio. Basi miaka ya 1950 imefia hapo hapo, na saini imekwenda nayo. Saini ya aina hiyo huwa imechapwa kwenye stika ileile yenye picha. Pitisha ukucha: utausikia ukingo wa utando mmoja ukizunguka vyote viwili.

Sasa gonga mdomo wa kikombe kwa ukucha. Kauri nzima hulia kengele, yenye ufa hukoroma. Mulika kwa simu kutoka ndani: kauri hupitisha mwanga, udongo wa kawaida haupitishi. Kwenye sanamu, ubaridi shavuni ndio kipimo, maana nyingi zinazouzwa kama kauri ni rezini, hasa ile roketi ya miraba myekundu na myeupe.

Mchoro nao husema. Hergé alichora mistari myeusi safi na rangi bapa, bila vivuli. Sweta ya Tintin ikiwa na kivuli, rudisha mezani. Watazame na wale wapelelezi wawili: Dupond masharubu yake yamenyooka, Dupont ncha zimebinuka nje. Waigaji huwachora kama pacha.

Viraka vitafute kwa tochi ya kukagulia noti bandia, gizani. Gundi na rangi mpya mara nyingi hung'aa tofauti. Anzia kishungi cha nywele cha Tintin, mkia wa mbwa wake Milou na mpini.

Kinachowaponza wengi ni kuosha. Stika iliyowekwa juu ya kioo, lile tabaka la kung'aa la kauri, huchomwa kwa nyuzi 800 hivi, kwa hiyo haikuzama ndani yake. Mashine ya vyombo huila taratibu, nyekundu ikitangulia. Tumia beseni la plastiki lenye taulo chini, maji vuguvugu, sabuni ya maji tone moja. Jiki, hapana kabisa: ikiingia kwenye nyufa za kioo hicho, chumvi yake hubaki ndani na kukibandua baadaye. Chenye kiraka usikiloweke, gundi italegea. Cha zamani usikinywee chai ya limau, rangi zake huenda zina madini ya risasi na tindikali huyatoa. Tamaa ya kunywea kikombe cha kabati ndiyo inayovunja seti, jamani.

Cha kusafirishwa kiwekwe boksi ndani ya boksi, sentimita 5 za matandiko kila upande. Jaza karatasi laini kati ya mpini na kikombe kabla ya kuzungushia nailoni ya viputo. Ukikaza nailoni juu ya mpini mtupu, unakatikia njiani.