Jibu: Kutuma mashairi na insha kwenye jarida

Ndugu, umeuliza utume mashairi mangapi na kwa nini tarbia zako (mashairi ya mishororo, yaani mistari, minne kila ubeti) zinarudishwa. Fuata mwongozo wa jarida lenyewe. Mwongozo usipotaja idadi, tuma matatu, yote katika faili moja ya Word, kila shairi ukurasa wake. Usilibandike ndani ya baruapepe, maana mishororo hukatika hovyo na ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) ukachanganyika na utao (nusu ya pili).

Kabla ya hapo, hesabu mizani (silabi) kwa kidole: nane ukwapi, nane utao. Hapa ndipo wengi huanguka. "Mtoto" ni mizani tatu (m-to-to), lakini "ndugu" ni mbili tu (ndu-gu). Vina (silabi za mwisho zinazopaswa kulingana) navyo: "mama" na "mamba" havilingani, kwani kimoja ni -ma, kingine -mba. Mhariri mzuri huliona hilo ubeti wa kwanza, na ana haki ya kuacha kusoma.

Insha ni rahisi zaidi: usizidishe idadi ya maneno waliyotaja, na aya ya kwanza iingie kwenye hoja moja kwa moja.

Ukituma kazi hiyohiyo kwa jarida jingine, waambie wahariri. Ikikubaliwa huko, waarifu wahariri hawa wa kwanza siku hiyohiyo.