Jibu: Nafunga, lakini simu inanishinda

Bwana Yesu asifiwe, mpendwa. Umesema unafunga hadi saa kumi na mbili jioni, ila ukipiga magoti tu mkono unaenda kwenye simu, siku inaisha hujaomba hata nusu saa.

Kwanza angalia ule muda wa kupika na kula mchana unaupeleka wapi. Wangu ulikuwa unaishia WhatsApp, tena kwenye makundi ya maombi! Nilikuwa nashinda njaa tu. Kuzima data hakukunisaidia, nilikuwa nawasha "mara moja tu". Nilipona nilipomwachia mke wangu simu, nikabaki na kitochi (simu ndogo ya kupiga tu) cha dharura na Biblia ya karatasi, maana ile ya kwenye simu ndiyo mlango wa kurudi. Waage watu wa kazini jana yake, lakini usitangaze kwamba umefunga. Mathayo 6:16-18 iko wazi.

Saa nane mchana ndiyo ngumu. Kichwa kinagonga (mara nyingi ni chai uliyoikosa), toka nje utembee ukiomba. Anza na siku moja. Kama una vidonda vya tumbo au unameza dawa, hapo mimi si mjuzi, muone daktari kwanza.