Ukitaka kuijua Lubumbashi, tembea kambi za wafanyakazi kwa miguu

Kijana wa Likasi ameniandikia: "Yaya (yaani mkubwa wangu), na mimi nataka kutembeza watu mtaani kwetu. Nianzie wapi?" Amenikuta na furaha, maana Jumamosi nilitembeza wanafunzi katika Cité Gécamines, mtaa wa wafanyakazi wa kampuni ya migodi, hapa Lubumbashi, Kongo, na jua lilipozama bado walikuwa wanauliza maswali.

Tembea kwa miguu. Ndani ya taksi utaona nyumba tu. Kwa miguu utaona kwamba zilipangwa kwa ramani moja, mistari imenyooka, kisha kila familia ikaongeza chake: chumba cha mtoto aliyeoa, kibanda cha kuuzia makaa. Uliza nani alijenga kile kipande, na wakati gani.

Mimi nimezaliwa humo. Babu alitoka Kasai kufanya kazi Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba iliyoanzishwa 1906. Mwanzoni ilichukua wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikataka mfanyakazi akae na mke na watoto, na nyumba za familia zikaongezeka. Bibi alipanga foleni ya posho: unga, samaki, mafuta. Chakula, shule, matibabu, nyumba, vyote vilitoka mkono mmoja. Kazi ikiisha, na nyumba imeisha. Ndiyo maana mgomo wa Desemba 1941 ulihitaji moyo mkubwa. Askari waliwapiga risasi wagomaji kwenye uwanja wa mpira, na Léonard Mpoyi, msemaji wao, akauawa. Wanafunzi wangu walinyamaza kimya niliposimulia hayo. Wengi hawakuwahi kulisikia jina lake.

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu ikaichukua kampuni, ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Baba aliingia kazini kipindi hicho, na posho iliendelea. Halafu mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, shaba ikapungua, na 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Sikiliza wazee wanavyolitamka hilo neno "hiari".

Niliwahi kupeleka wazo la matembezi haya katika ofisi moja mjini. Bwana mmoja akanijibu kwamba kule hakuna cha kuona, ni nyumba za wafanyakazi tu. Linaniuma mpaka leo. Vijana, msikubali kuambiwa hivyo! Mji huu ulijengwa na watu waliolala katika nyumba zile, na mkiwaacha wazee wafe bila kuulizwa, nani atawasimulia watoto wenu?

Tembeeni, basi. Msianze na siasa, anzeni na posho. Mama mzee ukimuuliza familia ilipewa unga kiasi gani, atakuvutia kiti, na hadithi ya mgomo itafuata yenyewe.

Wewe wa Likasi, anzia mtaa wa Panda, asubuhi, jua halijawa kali. Salimia kwanza, omba ruhusa, ndipo utoe simu kupiga picha. Niambie siku, nitakuja.