Kusimulia maisha ya mtu kwa sintesaiza: tujifunze kwa Neon Neon

Ukitaka kutengeneza albamu nzima kuhusu mtu aliyeishi kweli, kwa sauti za sintesaiza (vinanda vya kielektroniki) za miaka ya 80, anza kwa kusikiliza Stainless Style, albamu ya Neon Neon ya mwaka 2008. Neon Neon ni watu wawili: Gruff Rhys wa Wales, mwimbaji wa bendi ya Super Furry Animals, na Boom Bip, prodyuza Mmarekani. Humo wanamwimba John DeLorean, mhandisi wa magari kutoka Detroit aliyejenga kiwanda Dunmurry, pembezoni mwa Belfast, akatoa gari la chuma kisichoshika kutu ambalo milango yake hufunguka kwenda juu. Magari yalianza kutoka kiwandani 1981. Kufikia mwisho wa 1982 kampuni imeanguka na mwenyewe amekamatwa kwa kesi ya kokeini.

Miaka hiyo ndiyo ambayo sintesaiza ilitamba redioni Uingereza, kwa hiyo sauti ya albamu inatoka katika zama za mhusika mwenyewe. Hapo ndipo pa kuanzia: tafuta mtu ambaye kilele cha maisha yake kinakutana na mashine zako.

Zama zisipokutana, shika mahali. Albamu yao ya 2013, Praxis Makes Perfect, inamhusu Giangiacomo Feltrinelli, mchapishaji wa Milano aliyefariki 1972, kabla muziki wa aina hii haujashika. Wawili hao waliialika Italia yenyewe ndani ya nyimbo: inasikika sauti ya mwigizaji Mwitaliano Asia Argento, na Sabrina Salerno, nyota wa disko la Italia la miaka ya 80, anaimba. Lugha na lafudhi zikafanya kazi ambayo tarehe zisingeweza.

Kwenye mashairi ndiko wengi huharibu. Wimbo wa dakika tatu na nusu unabeba maneno machache tu. Ukiyajaza tarehe, vyeo na majina ya kampuni, msikilizaji anasomewa wasifu. Andika matukio 30 ya maisha ya mhusika, kila moja kwenye karatasi yake, kisha ondoa yote yasiyoonekana kwa macho. “Alipata sifa kubwa” halionekani. Feltrinelli akicheza mpira wa kikapu na Fidel Castro linaonekana, na kweli lina wimbo wake. Vivyo hivyo mwaka 1957, alipochapisha Daktari Zhivago, riwaya ya Mrusi Boris Pasternak, huku Wasovieti wakimbana airudishe miswada: pande mbili zinavutana, na wimbo unataka mvutano. Bakiza matukio kumi. Praxis ina nyimbo kumi ndani ya takriban nusu saa, na kwa maoni yetu huo ndio urefu unaofaa. Kiitikio kisiwe na tarehe hata moja. Kibebe hisia, ubeti ubebe kitu chenyewe: gari, chumba, barua.

Sasa sauti. Chagua mashine tatu au nne na usiongeze, ziwe halisi au plagini (programu za kompyuta zinazoziiga): kwa mfano mashine ya ngoma LinnDrum ya 1982, na sintesaiza DX7 ya 1983 na Juno-106 ya 1984. Ukinunua Juno-106 halisi, shika noti sita kwa pamoja, kisha uziachie moja moja. Noti ikikwaruza au kupotea, chipu ya sauti imekufa, na kwa mashine hii ni ugonjwa unaojulikana; punguza bei au ondoka.

Mwendo uwe mapigo 108 hadi 122 kwa dakika. Besi iwe ya oscileta moja (chanzo kimoja cha wimbi la sauti), iruke oktavu, na isiwekewe efekti ya korasi, ile inayorudufu sauti na kuipishanisha kidogo: muziki ukipigwa kwenye spika moja ya simu, mawimbi hupingana na besi inatoweka. Sauti ndefu za nyuma zipishanishe kidogo kwa kimo, senti 6 hadi 8, ambapo semitoni moja ni senti 100. Ukifika 20 mwimbaji ataanza kusikika kama ametoka kwenye ufunguo, na utamlaumu bure. Ziondolee masafa yaliyo chini ya Hz 200, la sivyo zitagombana na besi na miksi yote itakuwa na tope.

Sauti ya snea (ngoma kali ya mdundo) ya zama zile ni mwangwi mkubwa uliokatwa ghafla. Weka mwangwi wa sekunde mbili, halafu geti (kifaa kinachokata sauti) iufunge baada ya milisekunde 200. Kwa mapigo 120, pigo moja ni milisekunde 500. Geti ikivuka 250, mkia wa snea unaifunika hai-hati (matoazi ya ngoma) inayofuata na mdundo unalegea.

Mwisho, hakiki kila tuhuma kabla ya kurekodi sauti ya mwimbaji. DeLorean aliachiwa huru na mahakama Agosti 1984. Mtunzi anayeishia kwenye pingu za 1982 anamwacha msikilizaji akiamini alihukumiwa, kwa hiyo hukumu hiyo iingie kwenye wimbo, au angalau kwenye maelezo ya jalada.