Jibu: faili za mwaka 1980 na zile zilizozidi saa tatu

Ndugu wa Nakuru ameuliza kwa nini baadhi ya faili za chama chao, zilizokuwa kwenye flashi ya zamani, zinaonyesha 1 Januari 1980, na nyingine zinakuwa mbele saa tatu kamili akizifungua kwenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta. Si virusi. Natengeneza kompyuta hapa Kisumu tangu enzi za disketi, na mambo haya mawili bado yanaletwa mezani kwangu.

Flashi nyingi hutumia FAT, mpangilio wa kuhifadhi faili uliotumiwa na DOS, mfumo wa kompyuta za zamani. Nafasi ilikuwa haba, hivyo tarehe ikapewa biti 16 (biti ni tarakimu moja, 0 au 1) na saa biti 16. Mwaka ukapata biti 7, mwezi 4, siku 5. Kinachoandikwa si mwaka wenyewe bali idadi ya miaka tangu 1980, na hesabu inagota 2107. Kwa upande wa saa, biti 5 zilienda kwa saa, 6 kwa dakika, zikabaki 5 za sekunde. Hizo zinafika 31 tu! Basi wakahesabu sekunde mbili mbili. Ndiyo maana programu ya kunakili ikikuta sekunde 37 kwenye diski na 36 kwenye flashi, hudhani faili imebadilika na kuinakili tena kila siku. Iambie ivumilie tofauti ya sekunde mbili. Faili za zip nazo zimerithi ugonjwa huu.

Sasa 1980. Betri ya bodi kuu ya kompyuta ikifa, saa haiharibiki mradi stima ipo. Stima ikipotea, mashine nyingi za zamani huamka zikiwa 1 Januari 1980, na chochote karani atakachohifadhi kinapigwa muhuri huo. Nunua CR2032, ile bapa, uibadilishe.

Zile saa tatu ni kisa kingine. FAT huandika saa ya ukutani bila kusema ni ukuta wa wapi. Unix, ukoo wa Linux, huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, kisha huongeza saa zetu tatu wakati wa kuonyesha. Linux yako imeona faili ya saa nne asubuhi, ikadhani ni saa nne ya Greenwich, ikakuonyesha saa saba mchana. Unapoiunganisha flashi kwa amri ya mount, weka chaguo la time_offset=180; hizo ni dakika.

Tafadhali usisahihishe faili zote kwa mkupuo. Za saa tatu hazina kosa lolote ndani ya flashi, ukizigusa ndipo utazivuruga. Za 1980, tarehe yake ya kweli kompyuta haikuiandika popote. Hata ile iliyofichwa ndani ya waraka wa Word ilitoka kwenye saa ile ile mbovu. Hapo fungua faili yenyewe utafute tarehe iliyochapwa na mtu: ya mkutano, ya risiti, ya barua.