Siku niliyomkataza mgeni kulipa

Mwaka wangu wa kwanza kwenye ofisi ya utalii Arusha, kazi yangu ilikuwa kujibu barua pepe za wageni. Mama mmoja wa Uingereza akauliza kama anatakiwa kulipa gharama zote kabla ya kupanda ndege. Nilitaka kumwambia kuwa si lazima, atalipa akifika. Nikaandika, tena kwa kujiamini: "You must not pay before you arrive." Jibu likaja kesho yake, fupi, limenuna. Kwa nini anakatazwa kulipa? Kampuni ina tatizo gani? Bosi aliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wote, na kwa wiki nzima jina langu pale ofisini likawa "Marufuku".

Nilichofanya ni kuichukua "lazima" nikaigeuza "must", nikachukua "si" nikaigeuza "not", nikaona nimemaliza. Kumbe ukiikanusha "must" hupati "si lazima", unapata katazo. "Si lazima" ni "don't have to" au "don't need to": "You don't have to pay before you arrive."

Ninyi mnaoanza kazi hizi, najua mmekariri orodha ileile niliyokariri mimi shuleni: "can" ni weza, "may" ni huenda, "must" ni lazima, "should" ni paswa. Kwa mtihani inatosha. Umbo lenyewe halina shida kubwa: maneno haya hayapokei "s", kitenzi kinachofuata kinabaki kitupu bila "to", na hayapangwi mawili kwa mfuatano. Hiyo "I can be able to" mtakayoisikia kila kona maana yake ni "naweza kuweza". Iacheni.

Ugumu uko kwenye maana, kwa sababu Kiswahili kinauweka uzito ndani ya kitenzi, wakati Kiingereza kinalitwika neno moja mizigo kadhaa. Sema "Lazima awe ofisini", kisha sema "Lazima yuko ofisini." La kwanza ni agizo. La pili ni kukisia, pengine umeona gari lake limeegeshwa nje. Sikio lako linazitofautisha bila kufundishwa. Kwa Kiingereza zote mbili ni "He must be in the office", na msomaji anaachiwa muktadha. Zipeleke jana ndipo zinaachana: "Ilibidi awe ofisini" inakuwa "He had to be in the office", na "Lazima alikuwa ofisini" inakuwa "He must have been in the office." Kwa hiyo kabla hujaandika "must", jiulize kwa Kiswahili: ni "awe" au ni "yuko"?

Njia hiyohiyo ilinisaidia kwa "can" na "may". Mgeni anauliza kuhusu baridi ya Ngorongoro mwezi wa saba. Ukitaka kusema kule huwa kuna baridi kali nyakati fulani, ni "It can be very cold." Ukizungumzia kesho, kwamba huenda kukawa na baridi, ni "It may be very cold tomorrow." Penye "huwa" ya namna hiyo weka "can", penye "huenda" weka "may" au "might". Sheria hii ni yangu mwenyewe, wala hamtaikuta kwenye vitabu, lakini imenivusha mara nyingi.

Mtego mwingine ni "-nge-". Sisi tunaiweka pande zote mbili: "Ningekuwa na nafasi, ningekupeleka Tarangire." Basi mkono unaandika "If I would have time, I would take you." Hapana. Kiingereza kinaiweka "would" upande wa matokeo tu; upande wa sharti kinatumia umbo la wakati uliopita hata kama habari ni ya leo: "If I had time, I would take you to Tarangire."

Halafu kuna adabu, ambayo kwa kazi yetu ni mkate. Sisi tuna "naomba", inalainisha kila kitu. Wenzetu wanalainisha kwa kurudi nyuma hatua moja: "could" badala ya "can", "would" badala ya "will". "Could you send us a copy of your passport?" haiulizi uwezo wala haihusu jana, ni "naomba ututumie" kamili. Ukiandika "You must send" umekuwa askari wa mpakani. Ila msiiogope "must" kupita kiasi. Mwenzangu mmoja aliilainisha mpaka kwenye maelekezo ya Serengeti, akaandika "You should stay in the vehicle." Hiyo ni nasaha, na nasaha mtu anaweza kuiacha. Penye simba andika "must".

"Should" ina kisirani kingine. "The driver should be at the airport" mgeni anaisoma kama "tunatarajia atakuwepo", na usiku huo halali. Kama dereva amepangwa, andika "will be". Na kwenye mikataba "may" ni hiari ya yule anayetajwa kabla yake, "shall" ni wajibu wake: kampuni ikiandika "may refund", mteja asihesabu hizo fedha.

Hadithi zenu za mafanikio pia ziangalieni. "Jana tuliweza kufika kileleni" si "we could reach the summit". Kwa tukio moja lililofanikiwa sema "we were able to" au "we managed to". "Could" ya zamani ni ya uwezo uliodumu, kama "bibi yangu aliweza kusoma Kiarabu".

Kwa simu, mambo ni mengine kabisa. Mzungumzaji wa haraka huimeza "can" mpaka inabaki "kn" tu, wakati "can't" hutamkwa kwa mkazo ingawa ile "t" mara nyingi haisikiki. Ukisikia neno limetamkwa wazi na kwa nguvu, yawezekana amekataa. Mimi siku hizi humuuliza "So you cannot come on Friday?" na nikishakata simu namtumia barua pepe yenye "cannot" kwa herufi zake zote.